Alitaka kuimenya mwenyewe

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 34, nauza samaki wa moshi hapa Busia, upande wa Uganda. Natoka saa kumi alfajiri kwenda Majanji ziwani kuchukua mzigo. Nina watoto wawili: wa kiume ana miaka 15, wa kike miaka miwili na nusu. Huyu mdogo akinyimwa kitu anajigaragaza, anapiga kichwa chini, analia mpaka anatapika. Juzi aligaragara sokoni kwa sababu nilimmenyea ndizi na yeye alitaka kuimenya mwenyewe. Nikamchapa mbele ya watu. Mkubwa naye ukimwuliza neno moja anasusa, anabamiza mlango, anakwenda kukaa steji ya boda. Mama mkwe anasema nimewadekeza, samaki mkunje angali mbichi. Lakini ukweli, shangazi, mimi mwenyewe sijui kutulia. Nafoka mpaka mikono inatetemeka, halafu usiku nawaangalia wamelala, nalia. Nimekulia kambi ya polisi. Baba akisema "nyamaza", hata kikohozi unakimeza. Je, nimeshachelewa?*

*Mama Aliyechoka, Busia*

Marahaba, mwanangu. Hujachelewa. Nimeanza na hilo ili mengine uyasome ukiwa umeshusha pumzi.

Hiyo ndizi imenikaa kichwani wiki nzima. Kwako wewe ilikuwa ndizi, tena umemsaidia. Kwake yeye ilikuwa kazi aliyoipanga mwenyewe: ameiona, ameitaka, vidole vimeshajiandaa, mara mkono wa mtu mzima umemaliza kila kitu. Na ndizi ikishamenywa imemenywa. Mtoto wa umri huo ana kiu kubwa ya kufanya mambo mwenyewe, lakini hana maneno ya kukwambia "mama, niachie", wala bado hana kile kinachomwezesha mtu kusema moyoni "haya, basi, iko nyingine". Sehemu ya ubongo inayofanya kazi hiyo iko mbele, nyuma ya paji la uso, na inakua polepole mno. Kati ya miaka 3 na 5 ndipo unapoona wazi inaanza kumsaidia mtoto, na kukomaa kwake kunafika hadi miaka 25 hivi. Ndiyo maana kugaragara kunazidi mwaka wa pili na wa tatu, kwa watoto wa Busia na wa kwingine kote. Si ujeuri, na hakukusudia kukuaibisha mbele ya wateja. Wateja hawakuwamo akilini mwake kabisa.

Basi mtoto hutulia vipi, kama cha kumtuliza hakijakomaa ndani yake? Anaazima. Kichanga akilia hana la kujifanyia zaidi ya kunyonya kidole na kugeuza uso. Yaliyobaki anayapata kwako: joto la kifua, harufu yako, mgongo wako na leso uliyomfungia, sauti ile unayoishusha bila hata kujua. Wiki za kwanza kilio kinapanda, kinafika kilele karibu na wiki ya sita, kisha kinapungua. Kila akilia akabebwa akatulia, mwili wake unazidi kuijua njia ya kurudi. Akikaribia mwaka, akikutana na mgeni anautazama uso wako kwanza: ukiwa mtulivu, naye anathubutu. Akifika miaka minne utamsikia akijisemesha, "ngoja, zamu yangu bado." Maneno hayo ni yako. Uliyasema wewe kwanza, mara nyingi, na sasa yamehamia ndani yake.

Na elimu hii haikutoka mbali. Mwaka 1954 mtaalamu wa saikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala, akawa anatembelea familia 26 katika vijiji vya jirani, akikaa na akina mama na watoto wao majumbani, kwa miezi. Aliwaona watoto wanaotambaa wakienda mbali, wakageuka kumtazama mama, wakarudi kumgusa, wakaondoka tena. Aliona pia kwamba mama aliyeweza kumweleza mwanawe kwa undani, anapenda nini, analia vipi akiwa na njaa na vipi akiwa na usingizi, ndiye ambaye mtoto wake alielekea kuwa na utulivu zaidi. Kitabu chake kilitoka 1967. Nakwambia haya kwa sababu wewe umenieleza ndizi. Mama asiyemjua mwanawe angeniandikia kwamba mtoto alilia bila sababu.

Mama mkwe mheshimu, na methali yake ni ya kweli. Lakini wewe unauza samaki. Umeona kambare anavyokunjwa kabla ya kupelekwa motoni: mkia unaletwa mdomoni taratibu, unashikizwa kwa kijiti. Anayemkunja kwa pupa anamchana ngozi, na bei ya samaki aliyechanika unaijua kuliko mimi. Kama mtoto ni mbichi, basi ashikwe kwa mkono mwepesi. Fimbo humnyamazisha, kweli, ila moyo wake unaendelea kwenda mbio. Amejifunza kuuficha tu. Shahidi ni wewe. Ulimeza kikohozi miaka yote kule kambini, na leo unaniandikia kwamba hujui kutulia. Hata shuleni, sheria ya watoto ya Uganda ilipofanyiwa marekebisho 2016 ilipiga marufuku viboko.

Sasa, akianguka tena chini. Ondoa kinachoweza kumuumiza, na kama anapiga kichwa weka kiganja chako chini yake. Chuchumaa, uwe karibu na uso wake. Usimhutubie, wakati huo hotuba haimwingii. Sema machache, kwa sauti ya chini: "Ulitaka kuimenya mwenyewe. Umekasirika. Mama yuko hapa." Rudia, kisha subiri. Anachodai kama hakifai, usimpe. Unaweza kumkumbatia na jibu likabaki "hapana". Kesho yake mpe ndizi uliyoichana kidogo tu pale kwenye kikonyo, amalizie yeye. Kutapika kwa sababu ya kulia sana hutokea. Lakini akianza kupoteza maneno aliyokuwa nayo, au haitiki ukimwita, au anajiumiza kila mara, mpeleke kituo cha afya wamwangalie.

Nikija kwako wewe, mwanangu, hapo ndipo penye kazi. Hakuna aliyekuazima utulivu ulipokuwa mdogo, lakini mtu mzima anaweza kuujifunza, kwa sababu mwili bado unafundishika. Mikono ikishatetemeka hasira imeshakutangulia. Tafuta dalili inayokuja kabla yake. Kwa wengi ni taya kukaza, au mabega kupanda. Ukiishika hapo, toa pumzi ndefu kuliko ile uliyovuta, mara tano au sita, na moyo utapunguza mwendo. Kama bado, mwache mtoto mahali salama, toka nje ya mlango, nawa uso, rudi. Halafu jiangalie saa unazofoka. Aliyeamka saa kumi alfajiri na hajatia kitu tumboni mpaka jioni, subira ataitoa wapi? Chai na chapati kabla ya kuingia nyumbani ni malezi pia. Na hayo machozi ya usiku, yakiendelea karibu kila siku kwa wiki mbili, ukakosa hamu ya kula na ya kuonana na watu, nenda kituo cha afya uwaambie kama ulivyoniambia mimi. Hali hiyo inatibika.

Kijana wako sijamsahau. Kubalehe kumezipa hisia zake nguvu mpya, na ile sehemu ya mbele ya ubongo bado ina miaka kumi ya kukua. "Umetoka wapi?" inamfikia kama kofi. Nadhani steji ya boda anaipenda kwa sababu pale hakuna anayemhoji. Usimvizie mlangoni. Mwite akusaidie kupanga samaki kapuni, mkae bega kwa bega, macho kwenye kazi. Vijana wengi husema wakiwa hawatazamwi. Na hayo ya kufoka, mwombe radhi. Usiku wa leo ukiweza.

Wangu alikuwa na miaka 13 nilipomtukana mbele ya rafiki zake kwa sababu ya chupa ya chai iliyovunjika. Usiku nilikwenda nikakaa ukingoni mwa kitanda chake, nikamwambia: "Nimekukosea. Chupa ni chupa, yale maneno hukustahili." Hakujibu, alijifunika shuka gubigubi. Nikatoka nikidhani nimejishusha bure. Siku ya tatu alinifuata jikoni, akachukua kisu, akaanza kumenya viazi bila kuombwa. Alipofika kiazi cha tatu akasema, "Mama, ile chupa haikunidondoka. Niliitupa." Nilivuta pumzi, nikamwuliza alikuwa na hasira ya nini, na akaanza kunieleza.