"Borrow": ni kuazima au ni kukopa?

Assalaam alaykum. Ndugu yetu aliyefungua uzi huu ameeleza kwamba mwanawe, anayesoma skuli huko Wete, aliandika "Please borrow me your pen" na mwalimu akamkata alama, naye anauliza kosa liko wapi ilhali sisi husema "Niazime kalamu yako". Nitajibu kwa urefu kidogo, kwa sababu kosa hilo nimelitenda mwenyewe nikiwa kazini.

Mtoto amefuata upana wa kitenzi chetu. "Kuazima" humtumikia anayepokea na anayetoa pia: nimeazima kalamu kwa jirani, na jirani ameniazima kalamu. Kinachoonyesha kalamu inaelekea wapi ni hicho kiambishi "ni" kilichomo ndani ya kitenzi. Kijerumani, ndugu wa Kiingereza, nacho kina "borgen" inayotumika pande zote mbili. Kiingereza cha leo kimezitenganisha: "borrow" ni ya mwenye kupokea peke yake, na "lend" ni ya mwenye kutoa. Kwa hivyo ni "Please lend me your pen" au "May I borrow your pen?", na ukimtaja mwenye kalamu, neno ni "from", kamwe si "to".

Nilipokuwa karani wa mapokezi katika nyumba ya wageni Mji Mkongwe, mgeni mmoja aliishiwa na fedha taslimu usiku. Kwa idhini ya mhasibu nikampa dola 40, kisha nikaandika katika daftari la zamu: "The hotel borrowed the guest 40 dollars." Nilikusudia kwamba nyumba imemkopesha mgeni. Asubuhi msimamizi wetu, bibi wa Kiingereza, alikifuata kitenzi, akaelewa kwamba nyumba ndiyo iliyokopa na mimi nimesahau kuandika "from". Akatia dola 40 katika bahasha na kuipitisha chini ya mlango wa mgeni. Alhamdulillahi, mgeni yule alikuwa mwaminifu: kabla ya kwenda kupanda boti alikuja kaunta na bahasha mkononi, akairudisha, akalipa na deni lake. Nilipoambiwa niisome sentensi ile kwa sauti, ndipo nilipofahamu kwamba neno moja limemgeuza mdai kuwa mdaiwa.

Upande wa pili wa suala hili ndio unaonivutia zaidi, kwani huko sisi ndio wenye maneno mawili na wao wana moja. Jirani akimtuma mtoto kuja kuazima mbuzi ya kukunia nazi, itakayorudi jioni ni mbuzi ile ile, pengine na chicha kidogo kwenye meno yake. Akimtuma kuja kukopa kibaba cha mchele, mchele ule utapikwa na kuliwa, na utakaorudi ni mwingine. Husikika pia "niazime elfu kumi", lakini msemaji makini huziweka fedha upande wa kukopa, kwa kuwa noti atakayoirudisha siyo aliyopewa. Kiingereza hakiulizi hilo. Mbuzi, mchele na fedha za benki vyote ni "borrow", maadamu kitarudi chenyewe au mfano wake. Hata neno letu "safari" wanalihesabu kuwa "borrowed", ingawa neno halirudishwi. Ukilipia matumizi, kama ya baiskeli, hapo ni kukodi, na kitenzi chao ni "hire" au "rent".

Mtego uliobaki uko dukani. Tunaposema "nimekopa unga dukani", maana yake nimechukua bidhaa na malipo yatafuata mwisho wa mwezi. Hiyo si "borrow", kwa sababu anachokisubiri muuza duka ni fedha. Kwa Kiingereza mtu huyo amekwisha kununua: "I bought flour on credit." Mwanao akiandika "My mother borrowed flour from the shop", mwalimu ataelewa kwamba mama ataurudisha unga.