Maswali ya Wasomaji: Kadi ya michoro katika kompyuta ya zamani inayojitolea kwa sayansi

SWALI: Ndugu Mhariri, ninayo kompyuta ya mezani ya kiofisi iliyotengenezwa mwaka 2011, yenye prosesa ya Core i5 ya kizazi cha pili, kumbukumbu ya gigabaiti 8 na pawa saplai iliyoandikwa wati 265. Kwa muda mrefu nimeiachia ifanye kazi za kujitolea za Einstein@Home na Folding@home, miradi ya kisayansi inayofanyiwa hesabu zake na kompyuta za watu waliojitolea, kwa prosesa peke yake, nayo inakwenda kwa mwendo wa kobe. Rafiki yangu yuko tayari kuniuzia kwa bei nafuu kadi ya GeForce GTX 1080 Ti aliyokuwa akiitumia kwa michezo. Je, niichukue? Na kama haifai, nitafute kadi ya aina gani?

JIBU: Ndugu msomaji, usiichukue, hata ukipewa bure, isipokuwa kama umekusudia kununua pia kasha jipya na pawa saplai mpya, na hapo utakuwa umeshaanza safari ya kununua kompyuta nyingine. Kadi hiyo ni nzuri kwelikweli kwa hesabu, lakini hula hadi wati 250 yenyewe, ilhali pawa saplai yako nzima ina wati 265 za kugawa kwa kila kilichomo ndani, ikiwa ni pamoja na prosesa ambayo kwa kizazi hicho inaweza kudai hadi wati 95. Tena wati hizo 265 ni jumla ya volti zote. Kadi ya michoro hutegemea zaidi njia ya volti 12, ambayo kiwango chake utakiona kwenye lebo iliyobandikwa ubavuni mwa pawa saplai, kimeandikwa kwa ampea. Zidisha ampea hizo kwa 12 ndipo upate wati ambazo prosesa na kadi zitagawana.

Watu wengi huanza kwa kuuliza kadi ipi ina kasi, kisha wakaja kuuliza habari za umeme kompyuta inapozimika yenyewe. Mimi ningependa ugeuze utaratibu huo. Sloti ya PCI Express ya ukubwa wa x16, ile ndefu iliyoko kwenye ubao mama, imeruhusiwa kuipa kadi wati 75 na si zaidi. Kinachozidi hapo lazima kije kwa waya kutoka pawa saplai: plagi ya pini 6 huongeza wati 75, na ya pini 8 huongeza wati 150. GTX 1080 Ti huhitaji zote mbili kwa pamoja, na pawa saplai za kiofisi za wakati huo kwa kawaida hazina hata moja.

Hapo ndipo muuzaji atakapokuonyesha kiunganishi kidogo chenye plagi ya SATA upande mmoja na pini 6 upande wa pili. Kirudishe. Plagi ya SATA imetengenezwa kwa ajili ya diski. Ina pini tatu za volti 12, kila pini ikiruhusiwa kubeba ampea moja na nusu, kwa hiyo uwezo wake wote ni wati 54, nawe unataka kuivutia 75. Mtu anayecheza mchezo kwa saa mbili jioni anaweza kuponea chupuchupu, kwa kuwa mzigo wa mchezo hupanda na kushuka. Folding@home haipumziki: huishika kadi karibu na kilele chake saa baada ya saa, usiku kucha, na plastiki ya plagi ile huanza kulainika wakati wewe umelala.

Kubadilisha pawa saplai kungekuwa suluhisho jepesi kama kompyuta yako ingekuwa ya kuundwa kwa vipande vya kawaida. Kompyuta nyingi za kiofisi, hata hivyo, zina pawa saplai ya umbo la pekee, au plagi ya ubao mama ambayo mpangilio wa pini zake ni wa mtengenezaji mwenyewe. Fungua kasha uangalie kabla ya kununua chochote. Ukikuta plagi kuu ya pini 24 na pawa saplai ya umbo la kawaida la ATX, una nafasi ya kuchagua. Usipoikuta, chagua kadi isiyohitaji waya wowote wa ziada.

Kadi za namna hiyo zipo, na ndizo ninazokushauri. GTX 750 Ti ya mwaka 2014 hula wati 60, GTX 1050 Ti ya 2016 hula 75, GTX 1650 ya 2019 nayo hula 75, na RTX 3050 ile yenye kumbukumbu ya gigabaiti 6, iliyotoka 2024, hula 70. Itazame kadi yenyewe, usitosheke na jina lake, kwa sababu baadhi ya watengenezaji huiongezea GTX 1650 kasi kidogo na kuiwekea plagi ya pini 6, na hata RTX 3050 ya awali ya gigabaiti 8 ni kadi nyingine kabisa yenye kuhitaji waya. Kama kasha lako ni lile jembamba, utahitaji kadi fupi kwa kimo pamoja na bati fupi la kuifungia nyuma ya kasha. Wauzaji wa kadi zilizotumika hulipoteza bati hilo mara nyingi, basi liulizie mapema.

Kati ya hizo, mimi ningeichukua GTX 1650. Sababu yangu ni draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia kadi, zaidi kuliko kasi. CUDA ni mfumo wa Nvidia wa kufanyia hesabu kwenye kadi zake za GeForce, na toleo lake la 13, lililotoka mwaka 2025, limeziacha nje familia za kadi za zamani ziitwazo Maxwell na Pascal, ambamo zimo 750 Ti na 1050 Ti. Kadi hizo bado zinafanya kazi kwa draiva za zamani, na ukiipata 1050 Ti kwa bei ya chini huna sababu ya kuikataa, ila ujue kwamba unanunua kadi iliyoanza kuhesabiwa siku zake. Folding@home imekuwa ikitumia CUDA kwenye kadi za Nvidia tangu 2020, na mradi mwingine wa kujitolea kama GPUGRID umejengwa juu ya CUDA, kwa hiyo jambo hili si la nadharia.

Upande wa AMD kuna RX 6400, wati 53 tu, bila waya, na inavutia machoni. Tatizo lake kwa kompyuta yako ni kwamba, ingawa inaingia katika sloti ndefu, ndani yake hutumia njia nne tu za data badala ya kumi na sita. Kwenye ubao mama mpya hilo halisumbui sana. Ubao wako ni wa PCI Express 2.0, ambamo kila njia hupitisha takriban megabaiti 500 kwa sekunde, hivyo kadi hiyo itabaki na gigabaiti 2 kwa sekunde ambapo kadi ya njia kumi na sita ingepata 8. Einstein@Home haitalijali sana hilo. Folding@home italijali zaidi, kwani prosesa na kadi hupelekeana data mara kwa mara.

Mawili ya haraka kabla hujafungua pochi. Kwanza, sasisha BIOS ya kompyuta (programu ya kwenye ubao mama inayoiwasha) ukiwa bado unatumia michoro ya prosesa, kwa maana baadhi ya kompyuta za kiofisi za wakati huo hukataa kuwaka zikiwekewa kadi mpya. Pili, ukishaiweka kadi, iachie kiini kimoja cha prosesa kiihudumie. Prosesa yako ina viini vinne; ukiviagiza vyote vifanye kazi za BOINC, programu inayoendesha kazi za miradi kama Einstein@Home, kadi itakaa ikingojea kulishwa, nawe utadhani umeuziwa kadi mbovu.

Na gharama? Kadi ya wati 75 ikifanya kazi mchana na usiku hutumia yuniti 1.8 kwa siku, yaani yuniti 54 kwa siku 30. Ile ya rafiki yako, kwa wati 250, ingetumia 180.

SWALI: Nimeweka kadi, skrini inaonyesha picha vizuri na michezo inachezeka, lakini BOINC inaniandikia kwamba haikuona kadi yoyote inayoweza kutumika. Kosa liko wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, karibu kila mara kosa liko kwenye draiva au kwenye namna BOINC ilivyosakinishwa. Draiva inayoletwa na Windows yenyewe inaweza kuwa na kila kitu cha kuonyesha picha huku ikikosa sehemu ya OpenCL, ile ya kufanyia hesabu kwenye kadi, ambayo miradi huihitaji. Pakua draiva kamili kutoka kwa mtengenezaji wa kadi. Kwenye Linux sehemu hiyo mara nyingi huwa ni kifurushi cha peke yake, na kisiposakinishwa hakuna ujumbe wa kukukumbusha. Halafu angalia kama wakati wa kusakinisha BOINC kwenye Windows ulichagua iendeshwe kama huduma ya mfumo: ikiendeshwa hivyo haiwezi kuifikia kadi, na dawa yake ni kuiondoa na kuisakinisha upya bila chaguo hilo. Mwisho, kama unaiendesha kompyuta ukiwa mbali kwa Remote Desktop, kazi za kadi huenda zikasimama kwa sababu ya njia hiyo tu. Tumia programu nyingine ya kuonea skrini.

SWALI: Kadi yangu niliyoinunua ikiwa imetumika hupita majaribio yote ya michezo, lakini kazi zake nyingi za Einstein@Home hukataliwa. Je, mradi unanionea?

JIBU: Haukuonei. Einstein@Home, ambayo tangu 2005 imekuwa ikitafuta mawimbi ya mvutano na nyota za palsa (nyota zinazozunguka kwa kasi zikitoa mapigo), kwa kawaida humpa mtu mwingine fungu lile lile la kazi ulilopewa wewe, kisha seva hulinganisha majibu. Mchezo ukikosea nukta moja ya rangi katika picha moja, hakuna atakayeiona. Hesabu ikikosea tarakimu moja mwanzoni, kosa hilo hubebwa hadi mwisho, na jibu lako halitafanana na la mwenzako.

Mwenye kadi wa kwanza huenda aliiongezea kasi, hasa ya kumbukumbu. Rudisha kasi za kiwandani. Kama makosa yanaendelea, zishushe kidogo chini ya hapo. Fungua kadi usafishe vumbi lililojikandika kati ya mapezi ya bati la kupozea, ambalo feni hulisukumia ndani kabisa mahali ambapo brashi ya juu juu haifiki, na upake upya dawa ya kupitishia joto ikiwa ya zamani imekauka na kupasuka kama ukoko. Kisha punguza kikomo cha nguvu, kwa programu ya nvidia-smi au inayofanana nayo, hadi kama asilimia 70. Kasi utakayopoteza huwa ndogo kuliko umeme utakaookoa, kwa sababu wati za mwisho ndizo zenye faida kidogo kuliko zote.

Usiondoe macho kwenye orodha ya kazi zako katika ukurasa wa mradi kwa wiki mbili hivi, maana mwenzako wa kulinganishwa naye anaweza kuchelewa kurudisha. Kama hata baada ya hayo kazi bado zinakataliwa, huenda kumbukumbu ya kadi yenyewe imeharibika, na kadi hiyo ibaki kwa michezo.