Maswali na Majibu: Hisia Zako na Nambari za Watafiti

Mtafiti alinitembelea akiwa na tableti. Alinitajia maneno ishirini, nami kwa kila neno nikajibu kuanzia 1 hadi 5. Nilijipa alama za juu kwenye fahari na kwenye hofu pia. Je, nilijichanganya? (Msomaji wa Kondele, Kisumu)

Hukujichanganya hata kidogo. Kwa maelezo yako, uliulizwa hojaji ya PANAS, iliyotungwa Marekani na David Watson, Lee Anna Clark na Auke Tellegen na kuchapishwa mwaka 1988. Maneno kumi ni ya hisia chanya, kama ari na fahari. Kumi ni ya hisia hasi, kama hofu, aibu na hatia. Kila kundi lina jumla yake, kati ya 10 na 50. Waliotunga walikuta kwamba jumla hizo mbili hazitegemeani sana: kujua kiasi cha fahari ya mtu hakukuambii mengi kuhusu hofu yake. Mtafiti Norman Bradburn alikuwa ameligusia jambo hili katika kitabu chake cha 1969.

Mtazame mzazi anayempeleka mtoto shule ya bweni siku ya kwanza. Fahari imemjaa, na wasiwasi wa karo umemjaa vilevile. Ukimlazimisha achague kimoja, umempoteza. Kwa hiyo, mtafiti akirudi, mjibu vivyo hivyo.

Mbona hawakuniuliza kama nina amani moyoni? Kwangu hilo ndilo kubwa. (Mama wa Vihiga)

Swali lako ni zito, mama, na ningependa kila anayebeba hojaji kuja huku kwetu alisikie. Katika maneno yale ishirini hamna utulivu. Hamna huzuni pia, wala furaha yenyewe. Watunzi walitafuta hisia zenye msisimko: upande wa chanya ni mtu aliyechangamka, makini, mwenye bidii. Kwao, utulivu unaonekana tu pale alama za hisia hasi zinapokuwa chini.

Mimi sikubali kwamba hiyo inatosha. Mzee aliyekaa chini ya mwembe jioni, wanawe wazima, ghala lina mahindi, hana msisimko wowote. Alama yake ya chanya itatoka ndogo, na mtu wa mbali akiisoma atadhani mzee huyo ana upungufu. Mwaka 1994 Watson na Clark walitoa hojaji ndefu ya maneno 60, na humo utulivu na huzuni vimo. Mtafiti anayejua kwamba watu anaowahoji wanathamini amani aichukue hiyo, au aongeze maswali yake na aseme wazi kwamba ameyaongeza.

Nafanya utafiti kwa wakulima. Je, nitoe alama hasi kutoka kwa chanya nipate nambari moja? Na niulize kuhusu leo au mwezi mzima? (Mwanafunzi, Njoro)

Usitoe. Mkulima mwenye 40 na 40, na mwingine mwenye 15 na 15, wote watakupa sifuri. Wa kwanza anaishi katikati ya dhoruba, wa pili ni kama amezimika. Ukihitaji kipimo cha mizani, yaani chanya ukitoa hasi, kuna hojaji ya SPANE ya Ed Diener na wenzake: maneno 12, kuhusu wiki nne zilizopita, na mizani yake huenda kutoka -24 hadi 24. Hata hapo, ripoti pande zote mbili.

Kuhusu muda, kumbuka kwamba watu hawakumbuki wastani. Donald Redelmeier na Daniel Kahneman walionyesha mwaka 1996, kwa wagonjwa waliopimwa utumbo, kwamba kumbukumbu ya maumivu ilifuata kilele chake na dakika za mwisho, wala si urefu wa shughuli. Wiki moja ni muda wa kuaminika kuliko mwezi. Tena rudi kwa wakulima walewale wakati wa palizi na wakati wa mavuno, la sivyo utakuwa umepima msimu ukadhani umepima watu.

Programu ya utafiti hunilia kwenye simu mara kadhaa kwa siku ikiuliza najisikiaje. Nijibu nikiwa barabarani? (Mwendesha boda, Nakuru)

La, ndugu yangu, endesha kwanza. Ukichelewa sana, usibuni jibu jioni, acha pengo. Mbinu hii ilianza miaka ya 1970, mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi alipowapa watu vifaa vinavyotoa mlio, na nguvu yake yote ni kukukuta hapo hapo. Ila waambie watafiti kwamba unakosa kujibu ukiwa na wateja wengi, maana hapo hisia zako huenda ni tofauti.

Ni kweli kule Rarieda watu walipimwa mate kujua kama wana raha? (Msomaji wa Siaya)

Mate yalipimwa, lakini si kutafuta raha. Watafiti Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walifuatilia familia zilizopokea pesa za shirika la msaada la GiveDirectly kwa M-Pesa, na matokeo yalichapishwa 2016. Mate yalipimwa kotisoli, homoni inayopanda mtu akiwa na msongo. Waliopokea walisema wana furaha zaidi na msongo umepungua, ilhali kotisoli kwa wastani haikubadilika. Ilikuwa chini kwa waliopata kiasi kikubwa kuliko kwa waliopata kidogo. Kotisoli pia hubadilika kulingana na saa ya siku, chakula na kazi ya jasho. Mwili na kauli ni mashahidi wawili, na mmoja hamfuti mwenzake.

Dada yangu alipata 44 upande wa hasi. Ana ugonjwa? (Kakamega)

Nambari hiyo peke yake haiwezi kusema. PANAS haikutungwa kutambua ugonjwa. Muulize: kwa wiki mbili hivi, amepoteza hamu ya mambo aliyoyapenda? Usingizi ukoje? Anakula? Kama majibu yanakutia wasiwasi, mpeleke kituo cha afya na uombe aulizwe PHQ-9, hojaji ya dalili za sonona yenye maswali tisa kuhusu wiki mbili hizo. Na kama ametaja kutaka kujiua, usimwache peke yake, nendeni leo.