Kabla hujasoma uimara wa gamba la dunia kwenye kina cha tetemeko

Ukianza kazi na matetemeko ya nyanda za juu, ishuku kwanza safu ya kina kwenye orodha ya matetemeko. Utakuta mengi yameandikwa kilomita 10 kamili, na ya zamani 33. Mara nyingi hivyo si vipimo: kina kilishindikana kukokotolewa, ikawekwa namba ili hesabu iendelee. Watu huchora juu ya namba hizo "tabaka imara" la kupendeza kabisa, yaani mwamba mgumu unaoweza kukatika. Ziondoe kabla ya kuchora chochote.

Tatizo ni kwamba, vituo vikiwa mbali, tetemeko la chini zaidi lililochelewa kidogo hufanana na la juu lililowahi. Linalookoa ni wimbi la pP, linalopanda kwanza hadi juu ya ardhi kisha likaakisiwa na kulifuata wimbi la P, lile linalofika kwanza kituoni. Pengo kati yao hukupa kina bila kutegemea saa ya kutokea. Ulizia pia kina kimepimwa kuanzia wapi: usawa wa bahari au uso wa ardhi. Tibet iko kama kilomita 5 juu ya bahari. Kwenye kina cha 15, hiyo ni theluthi nzima.

Altiplano, uwanda wa juu wa milima ya Andes, ina mtego wake. Tetemeko la Bolivia la 1994 lilitokea zaidi ya kilomita 600 chini, ndani ya bamba la Nazca, sakafu ya Pasifiki inayozama chini ya Amerika Kusini. Halikuambii lolote kuhusu gamba.

Ukishasafisha, Tibet ya ndani inashangaza: gamba lina unene wa karibu kilomita 70, lakini matetemeko mengi hayavuki 15 hadi 20. Chini ya hapo joto limezidi, na mwamba wenye madini ya kwazi, ukifika nyuzi 300 hivi, huanza kutiririka polepole badala ya kukatika. Ila ukimya peke yake si ushahidi. Hata gamba gumu hunyamaza lisiposukumwa. Hapa tunathubutu kusema ni laini kwa sababu GPS inaonyesha uwanda mzima unaendelea kujongea na kutanuka.

Kusini mwa Tibet yapo matetemeko ya kilomita 70 hadi 90. Mwaka 1983 wanajiofizikia Chen na Molnar waliyaweka kwenye mantili, yaani mwamba ulio chini ya gamba, wakasema mantili hiyo ni imara. Baadaye James Jackson na wenzake wakadai yamo ndani ya gamba la India, lililobaki baridi na kavu likisukumwa chini ya Tibet. Ubishi wote umo katika kilomita chache kuzunguka Moho, mpaka kati ya gamba na mantili, kwa hiyo kwenye mchoro wako weka kiasi cha kosa cha vyote viwili: kina cha tetemeko na cha Moho.