Barua kwa mwanangu: cheo na bahari

Mwanangu,

Hapa Likoni sote wazima. Umeniuliza kama ukijiunga na wanamaji unaweza kupanda hadi juu kabisa, au vyeo vikubwa ni vya askari wa nchi kavu na mwanamaji huishia Mtongwe, kambini kwao huku Mombasa.

Hilo la kuishia Mtongwe lilikwisha zamani. Joseph Kibwana alitoka kwa wanamaji akawa Mkuu wa Majeshi kuanzia 2000 hadi 2005, na kabla yake hakuna mwanamaji aliyekikalia kiti kile. Wa pili ni Samson Mwathethe, mtu wa Kilifi, na huyu ndiye nataka umtazame vizuri. Aliingia jeshini 1978, akasomea chuo cha wanamaji cha Dartmouth huko Uingereza, akapata kamisheni 1980. Ukamanda wa wanamaji aliupata 2011. Zaidi ya miaka thelathini hiyo! Mwaka uliofuata, Septemba, majeshi ya Kenya yakashuka Kismayu yakitokea baharini, yeye akiwa ndiye mkubwa wa manowari zetu.

Aprili 2015 akateuliwa kuongoza KDF nzima, yaani majeshi yote ya Kenya, siku chache tu baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa. Januari 2016 kambi yetu ya El Adde, ndani ya Somalia, ikavamiwa, na aliyelazimika kusimama mbele ya waandishi wa habari kueleza alikuwa ni baharia. Alistaafu 2020.

Kwa hiyo kupanda kunawezekana. Ninalokuuliza mimi ni unataka cheo au unataka bahari, kwa sababu ukizidi kupanda, maji unayaacha nyuma: ofisi ni Nairobi, na simu zinazopigwa usiku ni za mpakani. Hata admirali hatuna; wakubwa wa wanamaji wetu huitwa brigedia na jenerali kama wenzao wa nchi kavu. Raha ya kuamuru chombo, nionavyo mimi, iko katikati ya ngazi, na wengi hawaijui thamani yake mpaka wahamishiwe mezani.

Mama yako anahofia harusi itachelewa. Hayo mtayazungumza wenyewe.

Ukichukuliwa kuwa kadeti utaanzia chuo cha kijeshi cha Lanet, Nakuru, kwenye baridi, kwa hiyo anza kukimbia sasa. Na yeyote atakayekwambia utoe kitu kidogo ndipo jina lako lipite, mwache hapo hapo unipigie simu. Sina hela ya kununua nafasi, na hata ningekuwa nayo nisingeitoa.

Baba yako