DVD raita ya nje: choma nayo diski moja palepale dukani kabla hujalipa

Watu wakitaka kununua DVD raita ya nje, yani kifaa cha kuchoma (kuandika) diski kinachochomekwa kwenye kompyuta, swali la kwanza wanaloniuliza ni spidi, eti dada ipi inakimbia zaidi, na mimi jibu langu ni lile lile, spidi weka pembeni kwanza, niambie kompyuta yako ni ya zamani kiasi gani na matundu yake ya USB yakoje. Maana hizi raita nyembamba za kuchomeka kwa waya mmoja, iwe LG, iwe ASUS, iwe Verbatim, nyingi zinachoma DVD kwa 8x (mara nane ya kasi ya msingi ya DVD) na CD kwa 24x, kwa hiyo hapo hakuna cha kuchagua. Cha kuangalia ni umeme inaoupata, aina za diski inazokubali, na kama kweli inaandika mpaka diski inajaa. Hilo la mwisho ndo kubwa kuliko yote na ndo watu hawalipimi.

Najua kuna atakayesema DVD saivi za nini wakati flashi zipo na simu zipo. Mimi nakaa Sinza, rekodi za kwaya yetu natunza mimi, pamoja na video za harusi na send-off za ukoo mzima, na nakuhakikishia uhitaji upo sana tu. Flashi ukimpa mtu wiki inayofuata imeshafutwa imejazwa miziki. Ukiipeleka steshenari kuprinti barua inarudi na virusi, mafolda yote yamegeuka shotikati. Diski ya kuchoma mara moja ikishafungwa, yani kukamilishwa isiandikwe tena, imefungwa, hakuna kirusi kitakachoingia humo wala mtoto atakayeifuta. Halafu kuna mama zetu wenye deki za miaka ile ambazo hazina hata tundu la USB, na magari kutoka Japani ambayo redio yake inakula CD tu. Laptopu mpya nazo zinakuja bila sehemu ya diski kabisa, ndo maana tunazungumzia raita ya nje.

Sasa twende kwenye umeme maana hapa ndo watu wengi wanalaumu raita bure. Raita nyembamba haina chaja yake, inakula umeme wa tundu la USB. Tundu la USB 2.0 kwa kawaida linatoa miliampia 500, la USB 3.0 linatoa 900, na raita inapoanza kuzungusha diski na leza ikaanza kuandika inavuta umeme mwingi kuliko wakati wowote mwingine. Kusoma inasoma vizuri, filamu inapiga vizuri, ukisema choma inakufa. Nililiona hili vizuri kwa mama mdogo kule Mbagala, ana kompyuta ya mezani ya zamani, kijana wake kachomeka raita tundu la mbele, taa inawaka, diski inazunguka kidogo, inatoa sauti ya tik, tik, halafu raita inapotea kwenye kompyuta, baada ya sekunde chache inarudi, tik, tik, inapotea tena. Walikuwa wameshaamua ni mbovu na wanataka kuirudisha dukani. Nikaichomoa mbele nikaichomeka nyuma, kwenye matundu yaliyoko moja kwa moja kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), na ikachoma diski nzima bila tatizo. Matundu ya mbele yanapita kwenye waya mrefu mwembamba wa ndani ya kesi na mara nyingi umeme unafika umechoka, ndo hivyo tu.

Kwa hiyo kama mashine yako ni ya zamani tafuta raita yenye waya wa vichwa viwili, yani waya mmoja unaoishia na USB mbili, moja ya data na moja ya kuongeza umeme, au yenye kitundu pembeni cha kuchomekea umeme wa volti 5. Usichomeke raita kwenye ile USB ya kugawa matundu manne ambayo haina chaja yake. Na waya tumia ule uliokuja nao, au ukinunua mwingine nunua mfupi mnene, ile myembamba mirefu ya bei chee inapoteza umeme njiani.

Muuzaji akikwambia hii ni USB 3.0 kwa hiyo inachoma haraka zaidi, umsikilize kwa adabu lakini usiongeze hela kwa sababu hiyo. DVD kwa 8x ni kama megabaiti 11 kwa sekunde, na USB 2.0 inabeba hizo bila shida yoyote. Faida ya tundu la USB 3.0 kwa DVD ni umeme wake, na umeme huo unatoka kwenye kompyuta yako, hautoki kwenye boksi la raita.

Jambo lingine ni hizi raita za mtumba. Ukizunguka Kariakoo au kwa mafundi wa laptopu utakuta nyingi, na nyingine nzuri kabisa, ila soma maandishi yaliyoko kwenye mlango wake. Nilisimama kwenye meza moja na shemeji yangu, akashika moja safi inang'aa, akauliza kama inaandika. Muuzaji akanijibu mimi:

"Dada yangu, hii ni DVD kabisa, si unaona imeandikwa."

Kweli imeandikwa, ila imeandikwa DVD-ROM, na hiyo inasoma tu. Kuna nyingine inaitwa Combo, hiyo inachoma CD lakini DVD inasoma tu, na ndo inayowachanganya watu kwa sababu ukiijaribu na CD inakubali na unaondoka umefurahi. Unayoitaka iwe na alama ya DVD yenye RW chini yake, au DVD Multi Recorder. Muuzaji hakuwa na nia mbaya, kwake DVD ni DVD, ila hela ni ya shemeji na video anayotaka kuchoma ni ya mahari ya mwanae.

Kama una laptopu iliyokufa na raita yake ya ndani bado nzima usiitupe hata kidogo. Mafundi wanauza kava za nje, unaichomoa raita unaitumbukiza kwenye kava unaichomeka USB, umepata raita ya nje kwa hela ndogo. Pima unene kwanza, zipo za milimita 12.7 na za 9.5 na kava lazima iendane, na uangalie meno ya nyuma ni ya SATA maana zile za zamani kabisa za IDE haziingii kwenye kava ya SATA. Mimi hii ndo njia ninayoipenda kuliko zote kwa mtu mwenye bajeti ndogo. Na kama unatumia Windows usibebe ile raita ya Apple kwa sababu ni nzuri machoni, imetengenezwa kwa ajili ya Mac na kwenye Windows itakusumbua.

Haya, majaribio dukani. Nenda asubuhi kabla watu hawajajaa, beba laptopu yako mwenyewe na DVD-R tupu (diski ya kuchoma mara moja), na video za kutosha kujaza diski. Mwambie muuzaji kwa heshima kwamba utachoma diski moja na ikikamilika unalipa hapohapo. Usijaribu kwa faili dogo la picha mbili tatu, hiyo haikuambii kitu, kwa sababu diski inaandikwa kuanzia katikati kwenda nje, na raita hizi zinaanza polepole zinaongeza kasi kadiri zinavyoelekea ukingoni, kwa hiyo raita dhaifu au yenye leza iliyochoka inaandika vizuri mwanzoni halafu inakwama mwishoni huku. Jaza karibu yote. Kwa 8x ni kama dakika kumi na zaidi kidogo ukihesabu na kufunga diski, kunywa maji piga stori. Ikitoka, itie kwenye mashine nyingine au deki ya muuzaji, peleka video mpaka dakika za mwisho kabisa uone kama inapiga bila kuganda. Muuzaji anayejua mzigo wake ni mzuri atakukubalia, na anayekataa katakata usibishane naye, nenda duka la pili.

Kwenye kujaza usishangae, DVD imeandikwa giga 4.7 lakini Windows inahesabu tofauti na itakuonyesha kama 4.38, kwa hiyo faili linaloonekana ni 4.5 haliingii. Zipo za tabaka mbili za giga 8.5, ila deki nyingi za zamani zinakwama zikifika tabaka la pili, mimi nagawa video kwenye diski mbili za kawaida na maisha yanaendelea. Raita za saivi zinachoma aina zote mbili za diski za kuchoma mara moja, DVD-R na DVD+R, ila kwa kumpelekea mtu mzima mwenye deki ya zamani nunua DVD-R, ndo iliyotangulia na deki za zamani zinaielewa zaidi.

Blu-ray? Inabeba giga 25 kwa tabaka moja na 50 kwa mbili, ni nyingi, inafaa kwa mpiga video mwenye mafaili makubwa. Ila raita yake ni ghali zaidi, diski zake hapa mjini kuzipata ni kazi, na Sony walisimamisha kutengeneza diski za Blu-ray za kuchoma Februari 2025. Kwa matumizi ya nyumbani baki na DVD.

Sasa kuna hili la mtu kununua raita nzuri, anachoma, anampelekea bibi Tanga, deki inasema haisomi, lawama zote zinaenda kwa raita. Windows ukiweka diski tupu inakuuliza unataka itumike kama flashi au ichezwe kwenye deki. Ukichagua kama flashi, deki ya bibi haitaifungua, chagua ya deki. Na hata hapo, kuhamisha faili la MP4 kutoka kwenye simu kwenda kwenye DVD hakuifanyi kuwa DVD ya video. Deki ya zamani inataka video iliyopangwa kwa mfumo wa DVD wenyewe, kwa hiyo tumia programu kama DVDStyler, ni ya bure, unaiingizia video inakutengenezea na menyu, chagua PAL ndo mfumo wetu. Inachukua muda mrefu kwenye kompyuta dhaifu, iache usiku ifanye kazi. Kuchoma mafaili ya kawaida ImgBurn inatosha na ina kipengele cha kuhakiki diski baada ya kuchoma, kiache kiwe kimewashwa kila mara. Kuangalia filamu weka VLC, maana Windows 10 na 11 hazichezi DVD ya filamu zenyewe.

Redio ya gari nayo ni hivyohivyo, nyingine zinasoma MP3 na nyingine zinataka CD ya muziki ya kawaida, ile ya dakika 80, ambayo programu inakuuliza kabla ya kuchoma. Kama hujui redio inataka ipi choma ya kawaida, hiyo haikataliwi.

Diski zenyewe usizionee ubahili kwa vitu vya kutunza. Zile zisizo na jina za kwenye kopo ni za kugawia matangazo, za kwaya na za harusi mimi natumia Verbatim na nachoma kwa 4x, DVD iliyojaa inachukua kama robo saa. Na joto letu hili na unyevunyevu wa pwani si rafiki wa diski, zisimamishe kwenye kava zake kabatini, usiziache kwenye dashibodi ya gari wala dirishani panapopigwa jua. Raita nayo ukiitoa kwenye ofisi yenye kiyoyozi kikali ukafika nayo nyumbani kwenye joto inaweza kushika ukungu kwenye lenzi, iache nje ya begi nusu saa ndo uitumie.

Umeme ukikatika katikati ya kuchoma DVD-R, hiyo diski imekwenda. Mwenye laptopu betri yake inamuokoa ila ahakikishe imejaa, mwenye kompyuta ya mezani aweke UPS au asubiri muda ambao umeme umetulia mtaani kwake. Na wakati raita inaandika iweke juu ya meza tambarare, siyo kitandani wala mapajani, usiisogeze.

Ukishanunua dai risiti na uulize garantii ni ya siku ngapi na inaanza lini, uandikiwe kwenye risiti hiyohiyo. Halafu ndani ya siku hizo itumie kweli, choma CD-R, choma DVD-R, choma DVD+R, isome diski ya zamani yenye mikwaruzo, ichomeke kwenye kila kompyuta mliyonayo pale nyumbani. Ikisumbua irudishe na boksi lake na ile diski iliyoharibika mkononi, muuzaji aione mwenyewe.