Kwanza iguse injini kwa kiganja

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata, na ile picha pia: umekaa juu ya pikipiki nyekundu dukani, vidole vya miguu ndivyo vinavyogusa sakafu, meno yote nje. Umeniuliza ununue mpya au iliyotumika, ukaongeza kuwa rafiki yako anasema pikipiki iliyotumika ni kununua shida za mwenzio. Nilitaka kukupigia, lakini nakujua. Kwenye simu utaitikia "ndiyo mama, ndiyo mama", na ukikata yamekwisha. Nimeona bora niandike.

Nunua iliyotumika. Iwe ndogo, nzima, na karatasi zake ziwe safi.

Sikuambii hivyo kwa sababu ya pesa tu. Pikipiki ya kwanza utaiangusha. Sisemi ajali, Mungu apishie mbali. Nasema itakulalia ubavu hapo hapo nyumbani, hata mwendo huna. Ya kwangu ilinilalia nikiwa naigeuza: mguu ulikanyaga kokoto, ukateleza, uzito ukanizidi. Ilikwenda chini polepole, nami nimeing'ang'ania hadi mwisho kana kwamba ningeizuia. Mkono wa klachi ukakatika nusu. Ndicho kile kipande ulichokuwa ukikishika ukiwa mdogo na kuuliza nani alikila. Kwa kuwa pikipiki yenyewe ilikuja na mikwaruzo yake, niliiinua, nikapangusa suruali, nikaondoka. Ingekuwa mpya ya mkopo ningekaa chini nilie.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi, wa mpya na wa zilizotumika. Mwaka 1981 ulitoka utafiti mkubwa Marekani, ulioongozwa na Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California. Yeye na wenzake walikwenda kwenye ajali 900 za pikipiki eneo la Los Angeles na kuzichambua moja moja. Zaidi ya nusu ya waendeshaji walikuwa hawajafikisha miezi 5 na pikipiki waliyopata nayo ajali, ilhali barabarani walishakaa karibu miaka 3. Yaani hata mzoefu akipanda asiyoizoea ni mgeni. Wewe utakuwa mgeni mara mbili, wa barabara na wa chombo. Ndiyo maana sitaki uanze na chombo kinachokutia hofu ya kukikwaruza, wala kilicho kirefu hadi unasimama kwa ncha za vidole. Ile nyekundu ni ndefu kwako. Injini ya cc 125 inakutosha sana kujifunzia.

Pesa itakayobaki ina kazi. Jifunze kwa mwalimu, hata kama rafiki yako anajitolea kukufundisha bure. Nunua glavu na viatu vinavyofunika kifundo. Na kofia ngumu: hiyo ndiyo nataka iwe mpya, na hapo hatubishani. Sponji ngumu iliyo ndani yake imetengenezwa ili ibonyee mara moja ikuokoe, na ikishabonyea huwezi kujua kwa kuitazama nje. Tafiti nyingi zikijumlishwa zimeonyesha kofia inapunguza uwezekano wa kufa katika ajali ya pikipiki kwa takriban asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Ivae dukani dakika kumi nzima. Ikikuuma kwenye paji la uso, si yako. Ukitikisa kichwa nayo ikabaki nyuma, si yako pia.

Rafiki yako hajakosea kabisa, usiende kumcheka. Mpya ina dhamana, na historia yake inaanza na wewe. Tena zipo nyingi za sasa zenye breki za ABS, zinazozuia tairi lisijifunge ukikamata breki kwa hofu. Ulaya waliifanya lazima kwa pikipiki mpya zinazozidi cc 125, wakaanza na modeli mpya mwaka 2016. Ukipata iliyotumika yenye ABS, hiyo ipe nafasi ya mbele. Ila usidhani mpya haina malezi. Injini yake haitaki kukamuliwa siku za mwanzo, tairi zake zinateleza mpaka zichubuke kidogo, na modeli nyingi zinataka huduma ya kwanza ikifika kama kilomita 1,000. Ukiiruka hiyo, dhamana unaweza kuiaga.

Sasa nije kwenye kununua kwenyewe, maana hapo ndipo nilipoumia mimi.

Ile ya kwanza niliinunua jioni. Muuzaji aliniambia nije saa fulani, nilipofika akapiga kiki moja tu, ikaitika kama mtoto mwenye adabu. Nikalipa. Asubuhi yake nilipiga kiki hadi wayo ukawaka moto, nayo kimya. Kumbe aliizungusha kwanza kabla sijafika, kwa sababu ikiwa baridi ilikuwa haiwaki. Kwa hiyo mwambie mwenye nayo asiiwashe kabla hujafika, na ukifika, hata kabla salamu hazijaisha, sogeza kiganja karibu na injini, kisha uiguse. Ikiwa na joto, uliza kwa nini. Akisema ametoka nayo dukani sasa hivi, mwambie utarudi kesho asubuhi, uone uso wake.

Ikiwaka, simama nyuma utazame moshi. Wa rangi ya buluu ni oili inaungua, na hiyo ni kazi ya kufungua injini (isipokuwa zile za zamani zinazochanganya oili na petroli, hizo ndivyo zilivyo). Mweusi ni petroli nyingi kupita kiasi. Mweupe kidogo unaopotea injini ikipata moto usikutishe.

Chuchumaa nyuma. Shika cheni pale inapozunguka sproketi kubwa, lile gurudumu la meno, kwenye ncha ya nyuma kabisa, uivute kuelekea kwako. Ikiachana na sproketi hadi nusu ya jino ikaonekana, imekwisha. Meno yakiwa yamelala upande mmoja kama ndoano, utanunua cheni na sproketi zote mbili, kwa hiyo lipunguze hilo kwenye bei. Kwenye ubavu wa tairi tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na kashata nzuri, ile michoro ya juu, na mpira ukawa umeshakuwa mgumu kama ubao.

Kisha iinuliwe gurudumu la mbele, uzungushe usukani taratibu kushoto na kulia. Ukihisi inanasa kidogo katikati, beringi za shingo zimekufa. Hapo hapo kwenye shingo angalia vizuizi vya usukani. Vikiwa vimebonyea, pikipiki iliwahi kupigwa ya nguvu, hata kama tangi linang'aa kwa rangi mpya. Mita pia usiiamini peke yake. Mita ikisema imetembea kidogo na mpira wa kukanyagia umelika hadi ukawa laini kama sabuni, mguu ndio unaosema kweli.

Namba ya fremu imegongwa kwenye chuma, mara nyingi karibu na shingo. Isome mwenyewe, tarakimu kwa tarakimu, huku kadi ya pikipiki iko mkononi, halafu fanya hivyo hivyo kwa namba ya injini. Ukiona alama za kusagwa, au mwenye nayo akisema kadi iko kwa kaka yake italetwa, toka. Usikae hata kunywa maji.

Na nenda na fundi ambaye muuzaji hakukutafutia. Usipompata fundi wa kumwamini, wala huna subira ya kuzikataa tatu nne kabla ya kukubali moja, basi nabadili ushauri: nunua mpya, iliyo ndogo, na uichukue bila mkopo hata ikibidi usubiri miezi kadhaa. Hilo nalikubali. Nisilolikubali ni ile nyekundu.

Baba yako ameisoma hii barua, anasema nimesahau breki. Sijasahau. Breki anazijua fundi, wewe kazi yako ni kumsikiliza.

Ukiipata inayokuvutia nitumie picha ya meno ya sproketi ya nyuma na ya namba ya tairi. Za wewe umekaa juu yake ninazo tayari.

Mama yako